Kutu haiikamati bunduki porini, inaikamata ndani ya mfuko wake

Mhariri,

Naandika juu ya ile barua mliyochapisha ya msomaji wa Masaka, aliyelalamika kwamba bunduki yake ya kuwindia imekula kutu akailaumu mvua ya mwezi wa nne, halafu akashauri wenzake ati dawa ni kuipaka oili chafu ya gari, kuizungushia kitambaa na kuifungia ndani ya mfuko wake wa ngozi mpaka msimu mwingine. Kwa heshima zote mzee wangu, katika hayo uliyotaja yote mvua ndiyo yenye makosa madogo kabisa. Oili chafu, kitambaa, mfuko wa ngozi, hao ndio wameila bunduki yako, na wewe umewashukuru.

Niseme wapi nimetoa maneno haya. Niko Kiruhura, pembeni ya Ziwa Mburo, na kazi yangu ni kutunza bunduki za wawindaji tangu ule uwindaji wa leseni ulivyorudi huku kwetu mwaka 2001, manake kabla ya hapo serikali ilikuwa imepiga marufuku tangu 1979. Bunduki zenyewe sio zangu, ni za kampuni na za wageni, mimi zangu ni kitambaa na brashi. Lakini ukisafisha bunduki za watu wa kila aina, za Mjerumani, za Mmarekani, za mfugaji wa hapa hapa Ankole mwenye cheti chake cha silaha, unaona ni ipi inaoza na ni kwa nini, na mara nyingi huhitaji hata kumuuliza mwenyewe, unaangalia tu anavyoitoa kwenye gari.

Sasa hii mvua. Kutu ni chuma kimekutana na maji na hewa, vyote viwili, ukiondoa kimoja hakuna kutu. Bunduki ikinyeshewa asubuhi, mchana unaiona imelowa, unajua, unaifuta, inakauka, biashara imeisha. Mvua haijifichi. Kinachojificha ni ule unyevu usiouona, na Uganda huo tunao mwaka mzima bwana, hasa nyie wa ukanda wa Ziwa Victoria, Masaka, Entebbe, Jinja, Kampala yenyewe, ambako hata chumvi ya mezani inashikana ikiwa kwenye chupa. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 60 hivi chuma kisicho na mafuta kinaanza kuota kutu bila tone hata moja kukidondokea. Watu wa Karamoja wanaweza kunicheka hapa, kule kukame, bunduki inakaa, ingawa na wao vumbi lao lina shida yake.

Mfuko wa ngozi naurudia makusudi kwa sababu unapendeza na ndio maana watu hawataki kuuacha. Ngozi inatengenezwa kwa chumvi na madawa yenye asidi, vitu hivyo vinabaki ndani yake, halafu ngozi inakunywa unyevu wa hewa na kuushika. Ukiweka chuma humo miezi mitatu umekilaza kitanda kibichi chenye chumvi. Na hii mifuko mipya ya turubai yenye sponji ndani sio nafuu, sponji likishalowa kidogo porini linakaa na maji wiki nzima huku kwa nje limekauka kabisa unadanganyika. Mgeni mmoja alikuja na bunduki ya bei ambayo hapa mtu ananunua ng'ombe zizi zima, akairudisha kwenye sanduku lake la sponji jioni baada ya kutoka kwenye mafunjo, asubuhi tumefungua, mtutu una madoadoa mekundu upande mmoja tu, ule uliolalia sponji. Alitukasirikia sisi! Mfuko ni wa kusafiria, gari mpaka kambi, kambi mpaka gari. Ukifika unaitoa. Ukirudi nyumbani unaitoa. Huo mfuko wenyewe unauanika wazi.

Tena kuna hili la baridi na joto. Unapanda gari la mgeni, kiyoyozi kimefunguliwa mpaka unasikia meno yakigongana, bunduki iko hapo katikati ya miguu imekuwa baridi, mnafika, mlango unafunguliwa kwenye joto la saa saba, na chuma chote kinatoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, nje na ndani ya mtutu, ndani kwenye bolti, kile chuma cha kufungia risasi nyuma ya mtutu, ndani kwenye darubini kama ni ya bei rahisi. Watu wa Kabale na Kisoro wanaijua hii kwa upande mwingine, bunduki imelala kwenye chumba cha baridi, asubuhi unaiingiza jikoni kwenye moto na mvuke wa chai. Dawa sio kuifuta hapo hapo tu, dawa ni kuiacha kwanza ipate joto la mahali ilipo, nusu saa au zaidi, ndio unafuta na kupaka mafuta, manake ukipaka mafuta juu ya maji umeyafungia maji ndani.

Oili chafu ya gari. Najua kwa nini watu wanaipenda, ni ya bure, fundi wa boda anakupa kopo zima, na ni nyeusi nzito inaonekana inashika. Lakini oili ikishatumika kwenye injini imebeba asidi zinazotokana na mafuta yaliyoungua, imebeba maji, imebeba na unga wa chuma. Ile asidi ndio inakuja kufanya kazi polepole kwenye bunduki yako gizani. Samli pia nimeona, na Blue Band nimeona, usicheke, Blue Band ina chumvi! Mafuta yoyote ya kula, ya alizeti, ya simsim, ya pamba, yanaganda baadaye yanakuwa gundi, bolti inakataa kurudi, na siku unayoihitaji ndio siku mbogo amekuangalia.

Kama huna mafuta maalum ya bunduki, mafuta ya cherehani yapo kila duka la vitambaa, ni mepesi, ni masafi, hayagandi, shida yake moja ni kwamba yanatiririka na kukauka haraka kwa hiyo unapaka mara kwa mara. Lile kopo la WD-40 ambalo kila fundi analo, nalo watu wanalielewa vibaya. Lilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kufukuza maji kwenye makombora, jina lenyewe linasema ni kufukuza maji na ni jaribio la 40. Kwa hiyo bunduki imetumbukia mtoni, pulizia, maji yatoke, sawa kabisa. Ila sio mafuta ya kulaza bunduki miezi sita, ukimaliza kufukuza maji futa yote halafu paka mafuta ya kweli. Na sijawahi kuona bunduki iliyokufa kwa kupakwa mafuta kidogo, nimeona nyingi zilizopakwa mengi, yamechuruzika yakaingia kwenye ubao wa kitako, ubao umekuwa laini kama mkate kule nyuma unakoshikana na chuma. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kidogo, pitisha chuma chote, kiache na utando ambao ukigusa kidole kinang'aa tu, basi. Ukiisimamisha kabatini wengine wanaisimamisha mdomo wa mtutu ukiangalia chini ili mafuta yasirudi kwenye ubao, na mimi nafanya hivyo, naweka kitambaa chini ya mdomo.

Lakini kabla ya mafuta yote hayo kuna chumvi, na hapa ndio nataka msomaji wa Masaka anisikilize vizuri kwa sababu naamini ndipo alipopigwa. Chumvi inavuta maji kutoka hewani na inaharakisha kutu sana. Inatoka wapi? Kwanza mikononi. Jasho. Kuna watu jasho lao ni kali kweli, akishika mtutu jioni, kesho kutwa unasoma alama za vidole vyake kwa rangi nyekundu, polisi wangefurahi. Wageni wakipitisha bunduki mkono kwa mkono wakipiga picha na pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, au swala pala waliyemwangusha, kila mmoja ameacha chumvi yake hapo, mimi nasubiri picha ziishe nafuta papo hapo kabla hata ya kuanza kuchuna. Pili damu. Damu ina chumvi na watu wanaisahau, unamgeuza mnyama, unachukua bunduki kwa mkono ule ule, damu inaingia kwenye skrubu na chini ya mkanda ambako huoni. Maji safi kwanza kwenye kitambaa, damu itoke, kausha, ndio mafuta. Mafuta peke yake hayatoi chumvi, yanaifunika tu.

Tatu ni risasi zenyewe, na hii ni kwa wale wenye bunduki za zamani. Kuna bunduki za .303 za Kiingereza ambazo watu wamezirithi, na wengine bado wana risasi za zamani za jeshi. Hizo risasi kile kibati cha nyuma kinachopigwa na pini kina dawa ambayo ikiungua inaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ya kweli, sio mfano. Petroli haiyeyushi chumvi. Mafuta taa hayayeyushi. Mafuta ya bunduki ya kawaida hayayeyushi. Kinachoyeyusha chumvi ni maji! Wazee wa King's African Rifles, lile jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, walilijua hili, walikuwa wanamimina maji yanayochemka kwenye mtutu kwa faneli, moto wa maji unakausha chuma chenyewe kwa haraka, halafu kamba ya kuvutia yenye kitambaa cha flaneli, halafu mafuta, na vyote hivyo, kamba na kichupa cha mafuta, vilikuwa vinakaa kwenye tundu dogo pale kwenye kitako, fungua kile kibati cha nyuma utakuta nafasi yake mpaka leo. Vijana wakisikia namwagia bunduki maji moto wanadhani nimechanganyikiwa. Risasi nyingi za kiwandani za siku hizi hazina hiyo chumvi, kwa hizo sabuni zake za kawaida za mtutu zinatosha, ila kama hujui risasi yako ni ya wapi na ya lini, chemsha maji, haina hasara. Na mkanda wa ngozi wa kubebea risasi ni jambo lile lile la mfuko, ukiacha risasi humo shaba inaota ukijani, ziweke kwenye boksi lake.

Wale wanaokwenda kumtafuta nzohe, yule swala wa kwenye vinamasi, ndani ya mafunjo ya mito ya Kafu na Mayanja, wanajua umande wa mafunjo ni mvua nyingine, unakumwagikia kichwani kila unapogusa shina. Weka kipande kimoja cha utepe wa fundi umeme kwenye mdomo wa mtutu. Sio mzaha, unapiga na utepe uko hapo hapo, hewa inayosukumwa mbele ya risasi inauondoa kabla risasi haijafika na shabaha haiharibiki. Wengine wanavalisha mpira wa kinga, ule ule, na kambini vicheko vinakuwa vingi. Lakini usisokomeze kitambaa wala kizibo NDANI ya mtutu, hata siku moja, hicho kitapasua mtutu usoni kwako. Na mafuta ya ndani ya mtutu yafute kabla ya kupiga, mtutu uwe mkavu, ukiacha mafuta mengi risasi ya kwanza inakwenda kwingine na presha inapanda.

Nyumbani. Sheria inataka silaha ikae mahali salama pa kufungwa na kila mwenye cheti anajua, kwa hiyo wengi wana kabati la chuma, vizuri. Ila kabati hilo limefungwa kwenye ukuta wa matofali unaotoka maji wakati wa mvua, na ndani limetandikwa zulia. Weka vipande vya mbao kati ya kabati na ukuta hewa ipite, toa zulia kama unaweza. Zile punje za kukausha zinazokuja kwenye maboksi ya viatu zinafanya kazi kweli, lakini kale kapakiti kamoja kwa kabati zima kamejaa maji siku chache tu na baada ya hapo ni pambo. Tafuta za kopo, za punje zinazobadilika rangi, zikishiba unaziweka kwenye oveni joto la nyuzi kama 120 zinarudi kuwa kavu unatumia tena. Mchele hausaidii kitu cha maana. Chumvi kwenye bakuli usithubutu, nimeshaeleza. Zamani watu waliweka balbu ndogo ya moto ndani ya kabati iwake mchana na usiku, joto kidogo tu linatosha kushusha unyevu, na ilikuwa akili nzuri, ila hizi balbu mpya za kuokoa umeme hazitoi joto la kutosha kwa hiyo usiweke moja ukalala ukidhani umefanya kazi.

Kitu ambacho hakuna atakayekuuzia dukani ni kufungua kabati kila wiki na kuangalia. Toa, hakikisha haina risasi, kwenye chemba inamokaa risasi ya kupigwa na kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, angalia kwa macho na kidole, pitisha kitambaa, rudisha. Ni dakika chache. Mara moja kwa mwaka, mvua za kwanza zikiisha, toa chuma kwenye ubao uone chini yake, huko ndiko kutu inakaa kwa raha kwa sababu unyevu ukiingia hautoki, na ukishasafisha paka nta badala ya mafuta, nta inakaa muda mrefu bila kuchuruzika. Hata bunduki zinazoitwa hazishiki kutu, zile nyeupe za steinlesi, zinashika, polepole lakini zinashika. Na ile rangi nyeusi ya bluu ya bunduki za kawaida sio rangi ya kupaka kama ya gari, ni utando mwembamba wa chuma hicho hicho wenye vitundu vidogo sana, bila mafuta haukingi kitu.

Hapo hapo mhariri nisipitwe na jambo, mwindaji mwenye cheti ni mtu mmoja mmoja, lakini bunduki za askari wa ulinzi ziko kila mlango wa benki, kila petroli stesheni, kila supamaketi ya Kampala, na ukizipita karibu angalia magazini na mtutu, nyingine zimekuwa rangi ya udongo. Mlinzi analala nje na umande na silaha anaibadilishana na mwenzake saa kumi na mbili, hakuna kitambaa wala tone la mafuta amepewa na mwajiri, na magazini iliyoota kutu inakwama au inaachia vibaya mahali penye watu. Jambo hilo gazeti lenu lingeweza kulifuatilia kuliko mimi.

Narudi kwa mzee wa Masaka kwa sababu bunduki yake tayari imeshika kutu. Kama ni vumbi jekundu juu juu, mafuta mengi, yaache usiku kucha, halafu sugua taratibu na nyuzi za chuma zile laini kabisa zilizoandikwa sifuri nne (0000), sio zile za kusugulia sufuria, na msasa usiguse kabisa utatoa ule weusi wote na chuma kitabaki uchi. Mafuta yawepo muda wote unaposugua. Ukifika kwenye namba ya bunduki ukutane nayo kwa kitambaa tu, ile namba ndiyo inayolingana na cheti chako, ukiifuta kwa msasa siku ya kuhuisha leseni polisi watakuuliza maswali ambayo kutu haitakujibia. Kama kutu imechimba vishimo unavyovihisi kwa ukucha, haitoki tena, utaisimamisha tu isiendelee. Na kama vishimo hivyo viko ndani ya chemba au mtutu ukiuangalia kwenye mwanga unauona giza giza na magamba, usiipige kwanza, mpelekee fundi wa silaha mwenye kibali aitazame. Huo mfuko wa ngozi mpe mtu anayebeba gitaa.

Msomaji wenu,
Kiruhura